Nani alimpa sungura mayai ya Pasaka?

Mwalimu Mstaafu, Mbeya (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naleta uzi huu baada ya mabishano yaliyotokea katika usharika mmoja hapa mjini Mbeya, ambao sitautaja kwa kuwa wahusika ni majirani zangu na tutaendelea kukutana Soko la Mwanjelwa. Binti anayefundisha shule ya Jumapili alipendekeza kwamba mwaka huu watoto wachemshe mayai, wayapake rangi, kisha mayai hayo yafichwe kwenye nyasi nyuma ya kanisa ili wayatafute baada ya ibada ya Pasaka. Mzee mmoja wa kanisa akasimama na karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye simu, akasoma kwamba yai na sungura ni alama za Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na kwamba jina la Kiingereza la sikukuu hii, Easter, ni jina la mungu huyo lililogeuzwa matamshi tu. Kikao kilivunjika bila uamuzi. Binti wa watu aliondoka machozi yakimlengalenga, nami niliyefundisha historia karibu maisha yangu yote niliona aibu kwamba hakuna aliyeuliza swali ambalo tunamfundisha mtoto wa kidato cha kwanza: habari hii imeandikwa na nani, lini, naye aliipata wapi?

Nianze na jina, kwa sababu hoja nzima imeegemea hapo. Sisi tunasema Pasaka. Neno hili asili yake ni Pesach ya Kiebrania, lililopita katika Kigiriki likawa Pascha. Wafaransa wanasema Pâques, Waitaliano wanasema Pasqua, na Waethiopia wanasema Fasika. Waliotoka kwenye mstari huo ni Waingereza na Wajerumani, Waingereza wakiwa na Easter na Wajerumani wakiwa na Ostern. Sasa tutazame miaka. Yapata mwaka 155, Polycarp, askofu wa Smyrna, alikwenda Roma kuzungumza na Anicetus, askofu wa huko, kuhusu siku ya kuadhimisha Pasaka, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ukalishughulikia tena jambo hilo la tarehe. Augustine aliyetumwa kuwahubiria Waanglo-Saksoni, mababu wa Waingereza, alitua Kent, kusini mwa Uingereza, mwaka 597. Sikukuu ilikuwa na karne kadhaa, na ilikwisha kugombaniwa vya kutosha, kabla Mwingereza wa kwanza hajaiita Easter. Imekuwa kama mgeni aliyefika kijijini na jina lake, wenyeji wakaona gumu wakambandika jina la mwezi aliofikia. Huwezi kueleza ukoo wa mgeni kwa jina hilo.

Nasema jina la mwezi kwa makusudi. Shahidi wa kwanza wa jambo hili, na kwa kweli ndiye pekee wa zamani, ni mtawa Bede wa Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, aliyeandika kitabu cha hesabu za nyakati mwaka 725. Katika sura ya 15 anaorodhesha majina ya miezi ya mababu zake, na anapofika mwezi unaolingana na Aprili anasema uliitwa Eosturmonath kwa jina la mungu wa kike Eostre, ambaye zamani walimfanyia karamu katika mwezi huo, na kwamba siku hizo watu walikwisha kulitumia jina hilo kuitia Pasaka. Basi. Hakutaja yai. Hakutaja sungura, hekalu, wala hadithi yoyote. Wapo wataalamu waliodai kwamba hata huyo Eostre Bede alimkisia tu kutokana na jina la mwezi, lakini mwaka 1958 huko Morken-Harff, Ujerumani, yalichimbuliwa mawe zaidi ya 150 yenye maandishi ya Kilatini ya karne ya 2 yaliyowekwa wakfu kwa miungu wa kike walioitwa Austriahenae, jina lenye mzizi unaofanana na wa Eostre, na tangu hapo wengi wamekuwa waangalifu kabla ya kumwita Bede mtunzi. Mimi namwamini Bede. Ninachokataa ni kumsingizia maneno.

Maneno aliyosingiziwa yanatoka kwa watu tunaowafahamu. Mwaka 1835 Jacob Grimm, yule wa hadithi za watoto, alitoa kitabu kikubwa cha dini za kale za Kijerumani, akasema kwamba kama Waanglo-Saksoni walikuwa na Eostre basi na Wajerumani lazima walikuwa na wao, akamuunda Ostara kutokana na sarufi ya lugha. Aliwashuku pia mayai na mioto ya Pasaka kuwa mabaki ya upagani. Sungura hakumtaja. Miaka 39 baadaye, yaani 1874, msomi mwingine wa Kijerumani, Adolf Holtzmann, aliandika kwamba sungura wa Pasaka haelezeki kwake, ila pengine alikuwa mnyama wa Ostara. Naomba msomaji asimame kwenye hilo neno "pengine". Ndani ya miaka michache waandishi wengine waliliondoa, wakaongeza kisa cha mungu wa kike aliyembadilisha ndege kuwa sungura anayetaga, na leo kisa hicho kinasambazwa kwenye simu zetu kana kwamba kimenakiliwa kutoka kwenye jiwe la Babeli.

Sungura mwenyewe tunamkuta katika maandishi mwaka 1682. Daktari wa Kijerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika risala ya Kilatini kuhusu mayai ya Pasaka, na humo anaeleza kwamba huko Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani wa leo, na majimbo ya jirani watoto na watu wepesi wa kuamini huambiwa kuwa sungura hutaga mayai na kuyaficha kwenye majani bustanini, kisha watoto huyatafuta, wakubwa wakicheka. Wasiwasi wa daktari haukuwa upagani, bali matumbo ya watu walioshindilia mayai kupita kiasi. Tena huyo sungura hakuwa peke yake. Sehemu nyingine za nchi hizo mletaji wa mayai alikuwa mbweha, Thuringia alikuwa korongo, na Uswisi alikuwa ndege kekeo. Kama sungura alikuwa mnyama mtakatifu wa mungu fulani, huyo mungu alikuwa na watumishi wengi mno, na hawakupata taarifa moja.

Yai lina maelezo ambayo mama yeyote anayefuga kuku wa kienyeji angeyatoa bila kusoma Kilatini. Kanisa la kale lilikataza mayai wakati wa Kwaresima. Kanuni ya 56 ya mtaguso uliokutana Konstantinopoli mwaka 692 inawaonya Wakristo wa Armenia na kwingineko waliokuwa wakila mayai na jibini Jumamosi na Jumapili za mfungo. Lakini kuku hafungi. Anataga Jumatano ya Majivu, anataga Ijumaa Kuu, na Ulaya ndipo siku zinaporefuka na utagaji unapozidi baada ya baridi. Mayai yakirundikana huchemshwa yasiharibike, na siku mfungo unapoisha nyumba nzima imejaa mayai na hamu ya kuyala. Katika vitabu vya matumizi ya mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, mwaka 1290, imeandikwa kwamba zilitumika peni 18 kununua mayai 450 yatiwe rangi au kupakwa dhahabu na kugawiwa watu wa jumba lake wakati wa Pasaka.

Huo ndio ushahidi ninaoufahamu. Mwenye nao zaidi, au mwenye kuupinga, karibu.

Msomaji wa Maandiko, Kyela

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu, na nami nitajibu kwa utulivu ingawa siko upande wako. Nina hoja tatu.

Kwanza, unazungumza kana kwamba jambo lisipoandikwa halikuwepo. Wapagani wa kaskazini mwa Ulaya hawakuandika vitabu, na waliowaandika habari zao ni watawa walioshindana nao. Ukimya wa Bede si ushahidi kwamba mayai hayakuwepo.

Pili, Papa Gregori mwenyewe aliagiza mwaka 601, katika barua kwa Mellitus, kwamba mahekalu ya Waingereza yasivunjwe bali yanyunyiziwe maji ya baraka na kugeuzwa makanisa, na kwamba watu waruhusiwe kuchinja ng'ombe wao kama walivyozoea, ila sasa wafanye hivyo kwa sifa ya Mungu. Huu ni mpango wa wazi wa kuvisha mambo ya kale nguo mpya. Ukishajua kwamba mpango huo ulikuwepo, kwa nini nisishuku yai?

Tatu, Ishtar. Nimesoma kitabu cha Alexander Hislop, na humo amenukuu habari ya kale ya yai kubwa lililoanguka kutoka mbinguni likaingia mto Frati, na humo akatoka mungu wa kike wa Washami. Tena nabii Yeremia, sura ya 7, anawakemea wanawake waliokanda unga wa mikate kwa ajili ya malkia wa mbinguni. Mambo haya hayakuanza Ujerumani mwaka 1682.

Mwalimu Mstaafu, Mbeya

Ndugu yangu wa Kyela, hoja zako ni nzito kuliko karatasi iliyosomwa kwenye kikao chetu, na natamani wewe ndiye ungekuwepo pale.

Hoja yako ya kwanza naikubali nusu. Ukimya si ushahidi wa kutokuwepo, lakini hauwezi pia kuwa ushahidi wa kuwepo. Wewe unasema mayai yangeweza kuwa ya Eostre; mzee wetu alisema ni ya Ishtar. Neno "yangeweza" ni la mtafiti, neno "ni" linahitaji shahidi, na shahidi huyo hajaletwa.

Barua ya Gregori ni ya kweli, na tumeipata kwa sababu huyo huyo Bede aliinakili katika historia yake ya Kanisa la Waingereza. Angalia basi aina ya mtu tunayemjadili: haoni haya kuandika kwamba mahekalu yaligeuzwa, haoni haya kutaja karamu za ng'ombe na vibanda vya matawi kuzunguka kanisa, na haoni haya kusema kwamba sikukuu kuu ya imani yake inaitwa kwa jina la mungu wa kike wa mababu zake. Mtu wa namna hiyo angekuwa na sababu gani ya kuficha yai? Barua inathibitisha kwamba ugeuzaji ulifanyika kwa mahekalu na ng'ombe. Kuutoa hapo na kuupachika popote panapotufaa ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa jirani aliwahi kuuza ng'ombe wa wizi, basi na kuku wake wote ni wa wizi.

Kuhusu Hislop, tumtambue kwanza. Alikuwa mchungaji wa Kiskoti wa Free Church, mjini Arbroath. Kijitabu chake kilitoka mwaka 1853, akakipanua kuwa kitabu mwaka 1858, na shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba ibada ya Kanisa Katoliki ni ibada ya Babeli. Habari ya yai la Frati ipo kweli, ameitoa kwa mwandishi wa Kirumi Hyginus: samaki walilisukuma yai hadi ukingoni, njiwa wakaliatamia, akaanguliwa Venus aliyeitwa baadaye mungu wa Washami. Ni hadithi nzuri. Lakini humo hamna sikukuu, hamna mayai yanayopakwa rangi, na hamna sungura. Wanyama na alama za Ishtar tunazijua vizuri kwa kuwa watu wake waliandika na kuchonga sana: ni simba, na nyota yenye ncha nane. Simba wake waliofinyangwa kwenye vigae vya barabara ya maandamano ya Babeli, kazi ya zama za Nebukadneza, wamo katika jumba la makumbusho Berlin. Hakuna mbabe wa vita aliyekuwa na simba akaenda kujitambulisha kwa sungura.

Kinachobaki ni sauti ya jina. Ishtar ni jina la lugha za Kisemiti. Easter ni neno la jamii ya lugha za Kijerumani, lenye mzizi mmoja na neno lao la mashariki, yaani upande wa mapambazuko. Kufanana kwa sauti kati ya lugha zisizo na undugu hakuna maana yoyote. Kwa Kirusi, "baba" ni bibi kizee.

Mikate ya malkia wa mbinguni katika Yeremia ni mikate. Niiache hapo.

Dada wa Tosamaganga, Iringa

Mwalimu, shikamoo. Mimi nimelelewa katika parokia iliyojengwa na wamisionari, na huku kwetu Waitaliano wa Consolata walioingia Iringa mwaka 1919 wameacha alama nyingi, kuanzia majengo hadi namna ya kupika. Nataka kuongeza kwamba katika kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 imo sala ya kubariki mayai ya Pasaka, pamoja na sala za kubariki nyama ya mwanakondoo na mkate, yaani vyakula vinavyorudi mezani baada ya mfungo. Kwa hiyo hata maana rasmi ambayo Kanisa liliipa yai ilikuwa maana ya chakula: mle kwa shukrani, kwa kuwa Bwana amefufuka.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Unaeleza yai kwa hesabu ya kuku na mfungo, kana kwamba watu waliolichemsha hawakuwa na mawazo mengine. Wakristo wa Mashariki hulipaka rangi nyekundu kwa damu ya Kristo, hugonganisha mayai mawili hadi moja lipasuke, na husema ganda ni kaburi. Wanasimulia pia kwamba Maria Magdalena alimpelekea kaisari Tiberio yai, kaisari akasema mtu hawezi kufufuka kama yai hilo lisivyoweza kuwa jekundu, nalo likawa jekundu mkononi. Je, hayo yote ni bure kwa sababu yamekuja baadaye?

Mwalimu Mstaafu, Mbeya

Marahaba, binti yangu. Hapana, si bure, na umenishika mahali penyewe.

Kisa cha Magdalena si historia ya karne ya kwanza. Ni simulizi iliyozaliwa ndani ya watu waliokuwa tayari wana yai jekundu mkononi na wakataka kumweleza mtoto sababu yake. Lakini kuzaliwa baadaye hakuifanyi maana kuwa ya uongo. Maana hukaa kwa mtumiaji. Kosa la karatasi iliyosomwa kwetu, ukiacha miaka na majina, ni kudhani kwamba kitu kina maana moja tu, ile ya kwanza kabisa, na kwamba maana hiyo inaendelea kufanya kazi kwa siri hata kama anayekitumia hana habari nayo. Tukifuata njia hiyo hatutafika mwisho. Huko Diepkloof, Afrika Kusini, yamepatikana maganda ya mayai ya mbuni yaliyochorwa mistari yapata miaka 60,000 iliyopita, na yaelekea yalikuwa vyombo vya maji. Je, tuseme kwamba mtoto wa shule ya Jumapili wa Mbeya anayechora yai anaabudu mungu wa wawindaji wale?

Tuna somo la jambo hili hapa hapa nyumbani. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930 wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, aliandika mwaka 1954 kuhusu alama za matambiko yao, akawakosoa wasomi wanaokisia maana ya alama wakiwa wamekaa vitini. Yeye aliwauliza wenyewe. Wakamwambia, kwa mfano, kwamba ndizi za kupika husimama kwa mwanamume na ndizi za kuiva kwa mwanamke, jambo ambalo mgeni asingelikisia kwa kuutazama mgomba tu. Holtzmann hakumuuliza bibi yeyote wa Alsace kuhusu sungura. Alikisia.

Mzee wa Tukuyu

Nawasalimu. Mimi ni Mmoravian, na baba zetu walihubiriwa na Wajerumani wa Herrnhut waliofika Rungwe mwaka 1891. Nataka mtazame jambo moja. Hao walitumwa kutoka Saxony, Ujerumani, katika nchi zenye sungura wa Pasaka, na huenda walipokuwa watoto waliyatafuta mayai bustanini kwa mama zao. Lakini walipotujia hawakutuletea sungura. Walichotuletea ni ibada ya alfajiri makaburini. Ilianza Herrnhut mwaka 1732, vijana walipopanda kwenye eneo la makaburi kabla ya jua kuimba habari za ufufuo, na hadi leo sisi tunaamka gizani na matarumbeta, umande ukitulowesha miguu, tukawasubirie wafu wetu mapambazuko.

Sasa mtu akitaka kusema kwamba kusimama makaburini ni matambiko ya mababu, ataweza kusema hivyo, na wapo waliosema. Akitaka kusema kwamba kulielekea jua linapochomoza ni ibada ya huyo Eostre wa mapambazuko, maneno atayapata. Sisi tuliosimama pale tunajua tunamngoja nani.

Mkulima wa Njombe

Swali langu ni dogo. Nimesoma kwamba yai na sungura ni alama za majira ya kuchipua, lakini Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Huku kwetu wakati huo mvua bado inanyesha, mahindi yamesimama, viazi vinaendelea kung'olewa na barabara ya shamba haipitiki. Kinachofuata ni baridi ya Juni. Nchi inakwenda kulala, haiamki. Hiyo alama inatuambia nini?

Mwalimu Mstaafu, Mbeya

Ndugu yangu wa Njombe, haituambii kitu, na hilo ndilo ningependa wazee wa kanisa walijadili badala ya Babeli.

Kalenda ya Pasaka imefungwa kwenye mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi, siku ambayo kwa Ulaya inafungua majira ya kuchipua. Wao wametoka kwenye theluji, kuku wameanza kutaga tena, na sungura pori wanaonekana mchana kutwa wakifukuzana mashambani. Kwao maelezo hayahitaji mungu wa kike, yanahitaji dirisha. Sisi tukitaka alama ya nchi inayofufuka itabidi tusubiri Septemba na Oktoba, wakati miombo ya kule Chunya inapotoa majani mekundu kabla hata tone la mvua halijadondoka, jambo ambalo kwangu limekuwa la ajabu tangu utotoni. Au tupande Kitulo, ambako maua huchanua tangu mvua zinapokolea hadi Aprili. Huko angalau Pasaka huyakuta.

Na sungura ana shida yake ya pili. Wajerumani walimsema Hase, yaani sungura pori, ambaye hachimbi shimo bali hulala na kuzaa kwenye kitako cha majani juu ya ardhi. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyekuta mayai ya ndege wa nyikani karibu na malalo kama hayo angeweza kudhani yametagwa na sungura. Walipohamia Marekani na kukaa Pennsylvania, mnyama huyo taratibu akawa sungura wa kufugwa, mweupe na mnene. Kiswahili hakikusumbuka: wote wawili ni sungura. Lakini Sungura wetu ana wasifu wake tayari. Kila mtoto anamjua kuwa ni yule aliyemdanganya Fisi, aliyemtia Simba kisimani, na asiyelima ila anavuna. Nilipomweleza mjukuu wangu wa miaka saba kwamba huko Ujerumani sungura huwaletea watoto mayai, aliniuliza bila kusita, "Ameyaiba kwa nani?"

Huyo ametafsiri alama kwa namna ambayo Grimm asingeweza.

Msomaji wa Maandiko, Kyela

Mwalimu, nimekaa na uzi huu siku mbili. Ishtar naiondoa. Nilikuwa nikiitumia kwenye mafundisho ya vijana, na nitawaambia kwamba ile ya kufanana kwa majina haishiki. Eostre naiacha kwako na Bede. Lakini yai bado silitaki kanisani, na sasa sababu yangu ni nyepesi zaidi: halimo katika Maandiko, na sisi hatukufunga mayai, kwa hiyo hatuna mayai ya kufungulia. Tukifanya, tunaigiza furaha ya watu wengine.

Mwalimu Mstaafu, Mbeya

Kwa sababu hiyo ukija kwenye kikao chetu sitakupinga kwa neno, kwa maana hapo unabishana juu ya jambo lililo mbele yetu na si juu ya mungu aliyechongwa na mwandishi wa karne ya 19. Mimi binafsi naona mchezo wa kutafuta mayai hauna dhambi wala ulazima. Bibi yangu asingeuelewa hata kidogo, kwa kuwa nyumbani kwake yai lilikuwa la kuatamiwa au la mgeni, na mtoto aliyekutwa na ganda mdomoni aliitwa mwizi.

Dada wa Tosamaganga, Iringa

Na yule binti wa shule ya Jumapili amefikia wapi?

Mwalimu Mstaafu, Mbeya

Nilikwenda kumwona jana na nikampa muhtasari wa haya yote kwenye karatasi mbili, moja yake na moja ya mzee wa kanisa. Mzee ameipokea, akasema ataisoma akiwa na miwani. Binti yeye alikwisha kununua trei mbili za mayai, na hazirudishwi dukani. Wamekubaliana na mama mchungaji kwamba yatachemshwa bila rangi, yaliwe na chai baada ya ibada ya alfajiri. Kuhusu kuyaficha kwenye nyasi, mvua ya jana imelimaliza suala hilo.